Kipaza Sauti Kwenye Kaburi la Baba

Ukitaka habari za serikali ya kaunti katika mji wetu, usiende ofisini. Ofisi ya wadi ipo, imepakwa rangi mpya, ina bendera na ina kufuli. Ukienda asubuhi, karani ametoka kidogo. Ukienda mchana, hajarudi. Wewe nenda matangani. Huko ndiko bajeti inakosomwa, barabara zinakojengwa na zahanati zinakopata dawa, na yote hayo hufanyika kwa mdomo, mbele ya jeneza la mtu ambaye alipokuwa hai hakuonjeshwa hata moja. Akishazikwa, na maneno yanazikwa. Ukitokea msiba mwingine yanafukuliwa, yanapanguswa mchanga, yanasemwa upya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mkulima. Nimezaliwa huku bara ya Malindi, mbele ya Jilore, katika mji wa barabara moja: kinu cha kusaga, maduka ya mbolea na ya simu, soko, kanisa, msikiti, na mashamba yanayoteremka hadi mto Sabaki. Nimekaa kwenye viti vya plastiki vya matanga zaidi kuliko nilivyokaa kwenye vikao vya walimu. Wenzangu hunishauri niyaandike haya nikishapoa. Nimengoja nipoe, sijapoa, basi acha niandike hivi hivi na moto wangu.

Jambo letu kubwa ni maji. Mtu wa mbali hawezi kuelewa, maana akisimama shambani kwa baba anauona mto kwa macho yake, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Lakini mto uko chini na mahindi yako juu, na maji hayapandi mlima kwa kuombwa. Zamani wakulima walichanga wakanunua pampu, wakaijengea kibanda, na kwa misimu kadhaa tuliuza nyanya na mchicha hadi Malindi mjini hata wakati wa kiangazi. Kisha yakaja mafuriko yakaibeba pampu pamoja na kibanda chake. Ikabaki sakafu ya saruji. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji wakati huo, na aliendelea kuwa mwenyekiti hadi kufa kwake. Mwenyekiti wa sakafu, ndivyo mtani wake alivyozoea kumwita.

Kaunti iliahidi pampu nyingine. Na si mara moja. Iliahidiwa kwenye msiba wa mwalimu mkuu mstaafu, ikaahidiwa alipozikwa mama mmoja muuza maandazi, ikaahidiwa kwa mtoto aliyegongwa na lori la mchanga, na hapo msemaji alilia kabisa, machozi halisi, akaitaja pampu katikati ya kwikwi. Mwakilishi wa wadi aliyetangulia aliahidi, akashindwa uchaguzi. Huyu wa sasa akamcheka mwenzake kwa kuahidi bila kutimiza, kisha naye akaahidi. Baba aliwafuata wote wawili ofisini, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa akirudi jioni, analivua lile shati, analitundika msumarini, halafu anauliza kama mbuzi wamekunywa maji. Hivyo ndivyo tulivyojua hakupewa jibu.

Pamoja na hayo, hakukosa msiba wa mtu. Alifika kabla turubai halijafungwa, jembe begani, akachimba kaburi bega kwa bega na vijana walio sawa na wajukuu zake. Kipaza sauti kilipoanza kukohoa, "halo, halo, moja mbili," alilipangusa jembe lake kwa majani akaondoka. Hakununa. Alikwenda zake tu mbele ya macho ya wageni wa heshima, na watu wakatazamana. Wengine walimwona ana kiburi. Mimi nilimwona ndiye mtu pekee mwenye adabu pale.

Siku moja tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, baba, baba mdogo na mimi. Baba mdogo alikuwa akisimulia msiba aliotoka, nani alikuja na gari gani, nani aliahidi nini. Baba akasema bila kuinua kichwa:

"Siku yangu mimi, mtu wa siasa asishike kipaza sauti. Nisomeeni sala, mtani wangu aseme lake, mnifukie, mle, mwende zenu."

Baba mdogo akacheka. "Kaka, ukishakufa utajuaje nani kasema?"

"Huyu atajua," baba akasema, akaninyooshea gunzi la mahindi.

Nikasema, ndiyo baba. Shamba ni la wote na mbuzi ni wa wote. Mimi peke yangu aliniachia neno hilo.

Hapo kwenye mtani nieleze kidogo. Kwetu kila ukoo una watani wake katika ukoo mwingine, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu yako hana. Anaweza kukutukana sokoni mbele ya watu, au kuchukua kuku wako huku unamtazama. Kwenye msiba ndiyo siku yake hasa. Huvaa nguo za marehemu, huuiga mwendo wake na sauti yake, huketi juu ya udongo wa kaburi akakataa watu wasizike mpaka apewe kitu. Sheria yake ni kwamba mtani hakasirikiwi, na maneno ya mtani hayashikwi. Yanasemwa, yanachekwa, yanaachwa palepale. Mtani wa baba alikuwa mama mmoja wa rika lake, muuza samaki wakavu sokoni, mwembamba, na mdomo wake hauna breki. Sisi watoto tulimwita hawe, yaani bibi. Alimtukana baba kila siku ya soko tangu ujana wao, na siku baba alipokosa tusi lake alirudi nyumbani mnyonge, akauliza kama hawe ni mgonjwa.

Baba alifariki masika yalipokuwa yakianza, kwa ugonjwa wa kifua. Kikao cha familia kikafanyika uani. Mama alikuwa ndani mkekani, kama mjane anavyokaa. Nikausema wosia wa baba neno kwa neno. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akasema:

"Mwanangu, asiyekuwepo na lake halipo."

Kwa kaka yake! Kaka ambaye hata hajatolewa chumba cha maiti! Hiyo ni methali ya kumwambia mtu aliyechelewa pilau. Baba mdogo akaenda kumtupia aliyemlea, aliyemlipia shule, aliyemchumbia mke. Na wazee waliokuwa pale hawakushtuka, mmoja akatikisa kichwa kama aliyesikia hekima.

Hoja zake zilikuwa nyingi. Mheshimiwa, yule mwakilishi wa wadi wa sasa, angeleta turubai, viti, jenereta na magunia ya mchele. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyekiti mzima wa kamati hawezi kuzikwa kama kuku aliyekufa kwa kideri. Mimi ndiye kifungua mimba wa baba, lakini ni mwanamke, na kwenye kikao kile nilipewa nafasi ya kusema, si ya kuamua. Nilipopandisha sauti waliambiana nina uchungu, nipewe maji ya kunywa. Nikaletewa maji. Niliyamwaga pale pale chini, na hilo likasemwa mji mzima zaidi kuliko wosia wenyewe.

Mwishowe wakanikubalia nusu. Mheshimiwa aje kama mfiwa mwingine yeyote, aketi, ale, lakini kipaza sauti asipewe. Baba mdogo akaapa kwa jina la Mungu. Yule tuliyemkodi aongoze shughuli, ambaye watu hapa humwita msema chochote, aliambiwa mbele yangu akaitikia. Nikaamini. Mtu mwenye msiba huamini upesi, kwa sababu hana nguvu ya kufanya lingine.

Siku ya maziko mchungaji alimaliza sala mapema. Kaburi lilikuwa tayari, vijana wamekaa kando wamepakaa udongo hadi magotini. Tungezika basi. Lakini mheshimiwa alikuwa hajafika, na turubai lilikuwa lake. Alikuwa Kilifi, kule Bofa, kwenye semina hotelini, semina ya kuboresha huduma kwa wananchi. Sikutunga, msaidizi wake mwenyewe ndiye aliyetwambia kwa simu. Wako njiani, akasema. Baadaye akapiga tena: wako njiani. Jua likapanda. Jeneza la baba likakaa pale chini ya turubai la kuazima, wanawake wakilipepea kwa leso zao, mpaka leso zikaanza kupokezanwa kwa uchovu.

Miaka yote ya mwisho ya maisha yake yule mzee alikuwa akimngoja mheshimiwa. Sasa amekufa, na bado anamngoja. Niliona nitapasuka. Nikamfuata baba mdogo nikamwambia tuzike, akanishika bega.

"Vumilia mama, mgeni keshavuka Malindi."

Mama akatuma mtu kutoka ndani kuuliza mbona mume wake bado yuko juu ya ardhi.

Magari yalikuja kwa honi. Wakashuka kwanza vijana waliovaa fulana zenye sura yake, halafu akashuka yeye mwenye sura, akijipangusa jasho kwa kitambaa cheupe. Akaja akanipa mkono, akasema pole sana mwalimu, na nasema kweli mkono wake ulikuwa baridi kwa kiyoyozi. Akaketi kiti cha mbele. Msema chochote akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Kabla hatujaendelea," msema chochote akasema, "mila zetu haziruhusu mgeni wa mbali aketi bila kusalimia watu. Atasalimia tu."

Atasalimia tu. Naomba mtu anitajie mheshimiwa mmoja katika pwani hii aliyewahi kupewa kipaza sauti akasalimia tu. Huyu alisalimia kwa jina la Bwana Yesu, akasalimia na kwa salamu ya Kiislamu, akawaambia wazee shikamoo, akina mama akawaambia warembo wake. Kisha akasema yeye na marehemu walikuwa marafiki wa dhati, kwamba mara nyingi walikaa pamoja wakipanga maendeleo. Nilimjua baba yangu. Walikaa pamoja kwenye benchi la nje ya ofisi, mmoja akiwa ndani. Akaingia barabara, akaingia bima ya afya, akaingia mbegu za bure. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya msiba.

"Na ile pampu ya mzee wetu, ndugu zangu, iko njiani. Ninavyosimama hapa, iko njiani."

Ndani ya nyumba, dada yangu alinisimulia baadaye, mama aliinua kichwa mkekani akauliza, "Ni nani huyo anayesema?" Dada yangu akajifanya hajasikia.

Nilikuwa nimeshasimama. Sijui ningefanya nini, nadhani ningemnyang'anya kile kitu mkononi na kuaibika hadharani. Lakini hawe alinitangulia. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa gambuti za baba, kofia ya baba, na lile shati la kanisani likimfika magotini, jembe begani. Alikuwa akitembea mwendo wa baba hasa, ule wa kuburuta mguu wa kushoto kidogo. Watu walipiga yowe la kicheko na la kilio kwa pamoja, maana ilikuwa kama tumemwona. Akaenda moja kwa moja, akachukua kipaza sauti, na mheshimiwa akakiachia, kwa sababu mtani hanyimwi.

"Iko njiani?" akasema kwa sauti nzito ya baba ya kupitia puani. "Njia gani hiyo, mwanangu? Mie hapa natoka nyumbani naenda kaburini, safari ya mwisho, na nshafika kabla yake. Yaja kwa miguu?"

Turubai zima likatikisika kwa kicheko.

"Ama imekaa Bofa yala pweza? Haya sikizani. Mie leo sizikwi. Niacheni papa hapa niingojee pampu yangu. Kazi hiyo ya kungojea nimeizoea!"

Akaketi juu ya udongo wa kaburi, jembe mapajani, miguu ameinyoosha. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilicheka, machozi yakinitiririka, moyoni nikisema baba amesema mwenyewe, hakuhitaji mtu. Nilidhani tumeshinda. Wote tulidhani hivyo.

Lakini yule bwana ni mzaliwa wa huku, mila anazijua. Alicheka kuliko sisi sote. Akainama, akatoa noti, akaibandika kwenye kofia ya baba kichwani mwa hawe, akasema kwa sauti ya kuimba:

"Mtani, inuka! Kabla hamjaanua matanga, pampu imefungwa mtoni. Nisipoileta, nizikeni mie kwenye shimo hilo!"

Watu wakapiga makofi. Mtani akishapewa chake hana budi kuinuka, ndivyo ilivyo, na hawe akainuka. Nyuma yangu nikasikia mwanamume mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu jamaa si mbaya, anaujua utani." Hasira ambayo mji ule ulikuwa umeilea misimu na misimu ya mahindi yaliyokauka ikatoka yote kwa kicheko kile, kama upepo unavyotoka kwenye tairi. Baba akazikwa watu wakiwa wamefurahi. Wakala wali wa mheshimiwa, wakasema msiba ulifana. Mimi sikula, na hilo nalo likasemwa.

Jioni ile ile simu za watu zilikuwa zikicheza video. Ilionyesha noti, kicheko, ahadi, makofi. Maneno ya hawe yalikuwa yamekatwa. Chini yake kulikuwa na maandishi kwamba mheshimiwa ni mtu wa watu, na jirani zetu wenyewe, waliokuwepo na waliosikia, waliituma kwa wengine.

Siku za matanga zikaenda. Wanawake walilala mkekani na mama, wakapika, wakafua, wakaondoka mmoja mmoja. Masika yalikatika katikati, mahindi yakajikunja majani, mto ukipita pale chini umejaa. Pampu haikuonekana. Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, nikamchukua mzee mmoja wa kamati ya maji, mwenzake baba, tukaenda ofisini. Siku hiyo palikuwa wazi. Mheshimiwa alitupokea vizuri kupita kiasi, akamwamkia mzee kwa mikono miwili, akaagiza chai. Nikamkumbusha alichosema kaburini.

Alitabasamu. Tabasamu la upole, na ule upole ndio ulionichoma.

"Mwalimu, wewe ni msomi, tena ni mtoto wa hapa. Ule si ulikuwa utani wa msibani? Nani hushika maneno ya utani?"

Mzee wangu akainamisha kichwa kwenye kikombe. Alijua ni kweli, ndiyo sheria yetu, tumenyonya nayo. Na mimi nikaliona kosa letu lilipokuwa. Kilio chetu tulikiweka kwenye mdomo wa mtani kwa kuwa ndiyo njia yetu ya kumwambia mkubwa ukweli bila kumvunjia heshima, naye akaingia kwa mlango huohuo, akaahidi humo humo, akatokea upande wa pili akiwa msafi. Tulimfungulia wenyewe, tena kwa vigelegele.

Damu ikanipanda. Nikaweka kikombe chini.

"Mheshimiwa, maneno ya mtani hayashikwi. Lakini wewe si mtani wetu. Ukoo wako hauna utani na wetu, nenda kawaulize wazee wako. Hawe alikuwa na haki ya kucheza pale. Wewe ulikuwa mgeni, umesimama kando ya kaburi la mtu, ukatoa neno na ukajitajia kuzikwa. Wageni hawachezi na kaburi. Hilo linashikwa."

Tabasamu likamtoka. Kwa mara ya kwanza nilimwona usoni bila lile tabasamu, ana uso wa kawaida tu, uliochoka. Akageuza simu yake juu chini, akasema ataliangalia suala letu, ana mkutano. Tulipofika mlangoni akatuita.

"Tutaonana Jumamosi lakini. Baba yako mdogo amenialika kwenye kuanua matanga. Nitalizungumzia huko huko, mbele ya watu."

Mbele ya watu! Nikatoka. Kutoka pale hadi sokoni sikumwamkia mtu, na watu wakajua nimekasirika kwa kuwa mwalimu asiyejibu salamu katika mji wetu ni habari. Nilimkuta hawe ameketi mbele ya samaki wake, akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Hakunitukana. Tangu nizaliwe sijawahi kufika mbele ya yule mama nisitukanwe.

"Mwanangu, mie niliona namsemea babako."

"Ulimsemea, hawe."

"Mbona basi kicheko kala yule?"

Nikamweleza ya ofisini, na ya Jumamosi. Aliacha kufukuza nzi. Akaniuliza swali moja tu, kama mama ana nguvu za kutembea hadi kaburini.

Ni kwamba matanga kwetu hayaanuliwi na msemaji wala na mwenye turubai. Katika ukoo wetu huanuliwa na mjane na mtani. Mjane humwaga maji kaburini, mtani hufagia ua na kung'oa mafiga yaliyopikiwa msiba. Mafiga yakishang'oka, msiba umekwisha. Atakayelia tena pale, au kutoa hotuba ya rambirambi, anaita kifo kingine kwenye ua ule, na hilo linaogopwa na Mkristo, na Mwislamu, na hata mlevi wa mangweni. Mengine yote, hotuba na pilau na viti, yamejiongeza juu yake miaka hii ya karibuni. Tulikuwa tumesahau ni nani mwenye kazi.

Jioni nikamwambia mama. Alikuwa akichambua mboga ya mchunga, sinia likiwa mapajani. Hakuacha kuchambua.

"Shemeji yangu yuko wapi kesho?"

"Atalala Malindi mpaka Jumamosi. Ameenda kufuata mchele na turubai."

"Basi kesho," mama akasema.

Ijumaa kukipambazuka tulikuwa kaburini, mama, dada yangu, hawe, yule mzee wa kamati na mchungaji, ambaye alikuja amevaa kandambili. Mchungaji akasali sala fupi. Mama akamwaga maji kutoka kwenye kibuyu, taratibu, kichwani hadi miguuni, akamwambia baba jambo ambalo hatukulisikia wala hatukupaswa kulisikia. Hawe akafagia ua kuanzia mlangoni hadi njiani, akayang'oa mafiga moja moja kwa mikono yake, akayatupa kichakani. Hakumwiga mtu siku hiyo. Hakuna aliyesema kwa sauti ya juu kuliko ya kumfikia aliye karibu naye. Tukanywa uji, tukaosha vikombe. Nilikuwa na furaha na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu hivi ndivyo angezikwa, hivi hasa, na ilikuwa rahisi namna hii.

Usiku wa Ijumaa mvua ikarudi. Asubuhi ya Jumamosi udongo ulikuwa umelainika, nasi wote tukateremka shambani kupalilia, mama akiwa mbele kwenye mstari wake. Tukasikia honi. Tukasikia na milango ya magari, na viti vikishushwa. Kisha baba mdogo akaja akikimbia kwenye matope na viatu vyake vya harusi, tai imemzunguka shingoni.

"Watu wako wapi? Mheshimiwa yuko uani! Mafiga yako wapi?" Akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. "Mmeanua?"

"Tumeanua," nikasema.

"Bila mimi? Ndugu yangu wa tumbo moja?"

Nilitaka kumhurumia, nikajaribu, sikuweza. Sasa alikuwa amesimama na mikono imelegea, hajui aende juu au abaki chini. Hakuweza kumruhusu mtu yule afungue mdomo kwenye ua uliokwishafagiwa, na hakuwa na ujasiri wa kwenda kumwambia afunge virago. Akamgeukia mama.

"Shemeji, mgeni yule pale. Nikamwambie nini?"

Mama aling'oa gugu, akalikung'uta udongo, akalitupa pembeni.

"Mwambie aliyekuwa akimngoja tulishamzika."